Neno la Juu ya Mlango

Tarehe 3 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto na watoto wenyewe. Sisi huku tunaendelea. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna tatizo. Jana alimwambia muuza mkaa kwamba mkaa wake ni mawe yaliyopakwa masizi. Anakusalimu sana. Siku ya mazishi watu walipomuuliza mdogo wa marehemu yuko wapi, aliwajibu kwamba uko njiani. Mpaka leo akiulizwa anasema hivyohivyo, uko njiani. Mimi simsahihishi.

Koti la kazi la kaka yako bado linaning'inia nyuma ya mlango. Sijalifua. Mfukoni mna unga kidogo na kipande cha penseli alichozoea kukitafuna akiwa anafikiri.

Nikuambie kilichotokea kwenye kiwanda cha mikate cha kaka yako na wenzake wa ushirika. Unajua utaratibu wao: kusimama mbele ya tanuri ni kwa zamu, wiki kwa wiki, kila mtu, hata mwenyekiti, kwa sababu pale ndipo kazi inapounguza. Kaka yako ndiye aliyeuweka utaratibu huo. Basi Jumatatu ya kwanza baada ya mazishi, zamu ilikuwa yake. Hakuna aliyethubutu kusema arukwe. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapanga mtu wa kusimama. Wakakanda unga, wakawasha moto, wakangoja. Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha ufunguo wake tu. Nikakuta unga umeumuka mpaka umepita kingo za beseni, unateremka mezani, na watu wazima wanautazama kama wageni wasiojua wakae wapi. Nikauliza hii ni zamu ya nani. Nikavaa aproni nikasimama mimi. Mikate ya siku hiyo ungeweza kujengea ukuta, lakini iliuzwa. Tangu hapo nimekuwa mwokaji.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Jengo la kiwanda ni mali ya ofisi ya mji, na mkataba wa pango unaisha mwisho wa Juni. Wametuletea taarifa kwamba watauendeleza kwa sharti moja: kibao cha juu ya mlango, kile kilichoandikwa MKATE WA WAJAMAA, kishushwe, na neno hilo liondolewe kwenye usajili. Wanasema majengo ya umma hayabebi maneno ya siasa. Tanuri lile kaka yako alilijenga kwa mikono yake. Tukitolewa kwenye jengo, hatuna tanuri. Wenzangu wamenipa mimi kazi ya kutoa jibu, kwa kuwa ni mjane wake.

Wewe unazijua ofisi. Nishauri. Mimi mwenyewe sijui kama ni mjamaa. Sijawahi kuulizwa.

Mke wa kaka yako.


Tarehe 27 Februari

Shemeji mpendwa,

Barua yako niliipata na kuisoma mara mbili. Nisamehe kwa kuchelewa. Ofisini tulikuwa na ukaguzi na hata nafasi ya kunyoa ndevu sikuipata. Watoto hawajambo. Mkubwa sasa ananipita kwa urefu na kwa maneno. Nimetuma dawa ya kuchua magoti ya Mama. Mwambie ni yake peke yake, asiigawe kwa majirani kama ile ya mwaka jana.

Kuhusu kibao, jibu langu ni fupi. Kishusheni.

Wewe uliolewa kwetu duka la Baba likiwa limeshafungwa, kwa hiyo hukuona. Mimi niliona. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya gunia la mchele, walipoingia wajumbe wa kamati wamevaa beji zenye neno hilohilo. Waliniambia nishuke. Wakachukua gunia, wakachukua na mizani ya Mama, wakasema kuanzia leo duka ni la wote. Baada ya hapo sukari ilipatikana nyumbani kwa katibu tu, kwa mlango wa nyuma, kwa anayejuana naye. Baba hakugombana na mtu. Alikaa nje akiutazama mlango wa duka mpaka siku yake ikafika.

Jaribu kupita mtaani uwaulize watu: wewe ni mjamaa? Wazee watageuza uso. Vijana watakuuliza hiyo ni timu ya wapi. Kwa nini mpoteze tanuri kwa ajili ya neno ambalo hakuna anayelitaka? Hata kaka, miaka yote hiyo, sikumsikia akisema "mimi ni mjamaa." Andikeni MKATE BORA. Mkate hauna chama. Ninafahamiana na mtu katika ofisi ya mji; nitamwandikia, na mambo yataisha kimyakimya.

Sikuweza kuja kuzika. Kazi ilinibana. Najua utanielewa.

Shemeji yako.


Tarehe 15 Machi

Shemeji yangu,

Tunashukuru, dawa imefika na Mama anaisifu. Nusu ameshampa jirani. Ameniambia nikuandikie kwamba magoti ya jirani nayo ni magoti. Mimi ni mzima, mikono tu imekuwa na malengelenge, na nywele za mbele zimeungua kidogo, Mama anasema nimependeza.

Nilifanya ulivyosema, nikauliza. Sikuanza mtaani, nilianza kiwandani, tulipokuwa tukisubiri unga uumuke.

Robo ni yule mpima unga wetu; tunamwita hivyo kwa kuwa hata salamu anazipima. Alisema, "Mimi ni mtu wa dini yangu. Siasa hapana."

Dereva, anayesambaza mikate kwa pikipiki, akasema, "Wajamaa walimfunga mjomba wangu. Waliowatoa wajamaa wakamnyima kazi. Mimi niandike dereva."

Bibi Harusi ndiye mkandaji. Jina hilo alilipata kwa sababu kila mwaka anatutangazia kwamba anaolewa. Akasema, "Dada, mimi nikijiita mjamaa mchumba atakimbia."

"Mchumba yupi?" Robo akauliza. "Wa mwaka huu au yule wa mwaka juzi?"

"Yule asiyepima maneno kama anauza dhahabu."

Tulicheka mpaka Dereva akakohoa unga. Halafu nikasema, "Basi kumbe ni rahisi. Hakuna mjamaa hapa. Tukishushe."

Dereva akaniuliza, "Nani kasema kishushwe?"

"Si umesema wewe si mjamaa?"

"Mimi si mjamaa. Sijasema kishushwe."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka wasiniingilie," akasema. "Wakiniambia nifute jina la paka nitakataa, na paka simpendi."

Robo aliweka chini kijiko chake cha hamira. "Mke wangu alipojifungua ilikuwa wiki yangu ya moto," akasema. "Sikumwomba mtu. Nilirudi nikakuta marehemu ameshanisimamia, mkono umefungwa kitambaa. Nilipotaka kumshukuru alinyoosha kidevu kuelekea kile kibao, akaendelea na kazi. Kwa hiyo mimi mnisamehe, ngazi ile sipandi. Atakayepanda apande mimi nikiwa sipo."

Nikauliza nani atapanda. Bibi Harusi akasema ana kizunguzungu cha juu, na tangu nimfahamu yeye ndiye anayepanda kusafisha bomba la moshi.

Habari za duka la Baba nilikuwa ninazijua. Kaka yako alinisimulia mara moja, tukiwa tumezima taa, maana mambo ya namna hiyo hakuweza kuyasema akiwa anatazamwa. Wewe ulikuwa juu ya gunia, yeye alikuwa mlangoni. Kilichomkaa ni kwamba hakuna mjumbe hata mmoja aliyebeba kitu. Walimwambia Baba abebe mwenyewe gunia lake mpaka kwenye lori. Ndiyo maana pale kiwandani mwenyekiti anasimama mbele ya moto kama mtu mwingine yeyote. Nilimuuliza kwa nini basi ulichagua neno lao. Alisema si lao, walilichukua kama walivyochukua mizani.

Kwa hiyo, shemeji, usimwandikie yule mtu wako. Nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi, shemeji yako.


Tarehe 30 Aprili

Shemeji,

Habari za siku nyingi. Huku tuko salama. Mama watoto alikuwa na homa, sasa amepona.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Haijaisha, lakini nimechoka kuingoja.

Ile picha ya mazishi ilitoka gazetini. Waokaji wamebeba jeneza, na nyuma yao mtu ameshika karatasi lenye lile neno. Chini yake pana jina la ukoo wetu. Mkuu wangu aliliweka gazeti juu ya meza yangu, akaniuliza, "Huyu ni wa kwenu?" Nilimjibu nilivyoweza. Tangu hapo sikuitwa tena kwenye vikao viwili vitatu nilivyozoea kuitwa. Ndiyo maana kutokuja kwangu siku ile... hata kama hamkunielewa, basi tuyaache.

Wenzako wote wamekuambia wenyewe kwamba si wajamaa. Huo si ujasiri, ni ukaidi. Kaka alikuwa mkaidi vilevile, alikataa kuvaa viatu vya shule mpaka akachapwa. Nakuomba, nenda kwa ofisa, zungumza naye kwa upole wako, mwambie kwamba wewe binafsi si mjamaa na kibao ni mabaki ya zamani. Ni sentensi moja tu. Haitakuumiza popote.

Mdogo wake marehemu.


Tarehe 19 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Pole kwa homa ya mama watoto. Mwambie anywe maji mengi. Habari ya viatu vya shule sikuwahi kuisikia, nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Kama una nyingine za namna hiyo, niandikie. Ninaziweka.

Nilikwenda kwa ofisa. Ni kijana mpole, siku hiyo alikuwa na mafua, na alinipa kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kile kibovu. Alinipa pole ya msiba. Akasema mume wangu alikuwa akimpa mkate wa moto alipokuwa mwanafunzi. Sikuona ubaya wowote kwake.

Akasema, "Mama, tusisumbuane. Wewe binafsi si mjamaa, sivyo? Nitaandika kwamba ni jina la zamani mlilorithi. Kibao mtakishusha taratibu, hata kwa kisingizio cha kupaka rangi. Hakuna atakayejua."

Alikuwa amenifungulia mlango kabisa, nipite tu. Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui, kama nilivyokuandikia wewe. Ila alivyosema "sivyo," kwa huruma ile, kana kwamba ananifuta uchafu shavuni, nikaona kwamba nikiitikia nitakuwa nimemwacha mtu nje. Simaanishi kaka yako, yeye hahitaji tena kufunguliwa. Nilijiona mimi, nikiwa mbele ya tanuri, na Robo ananiletea maji bila kuombwa, na wiki yangu ikiisha nampelekea yeye. Kitu hicho kina jina. Kwa nini niseme hakina?

Nikamwambia, "Mimi ni mjamaa, mwanangu. Andika hivyo."

Aliniangalia. "Una hakika, mama?"

"Nimeanza leo," nikasema, "lakini nina hakika."

Akapenga kamasi, akaandika. Alisikitika kweli. Akaniambia ifikapo mwisho wa Juni tuwe tumetoka.

Sasa ombi langu, na ndilo zito. Tumekaa tukakubaliana kuling'oa tanuri tofali kwa tofali na kulijenga upya mahali pengine. Mahali penye nafasi na maji ni hapa nyumbani, kwenye uwanja wa mbele, pale palipokuwa duka. Mama amesema uwanja ni wenu ninyi wawili, Baba aliacha hivyo, na upande wako ni wako. Kibao kitawekwa juu ya geti. Sitaki kukuficha lolote, ndiyo maana naandika wazi. Tunaomba ruhusa yako. Ukikataa, sitakuwa na kinyongo, ila itabidi tutawanyike, maana hakuna mwingine atakayetupokea na neno lile. Nijibu kabla ya mwisho wa Juni.

Ni mimi.


Tarehe 2 Julai

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Mama ni mzima, mimi ni mzima.

Jibu halikuja. Nilikwenda posta kila walipofungua mifuko, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani.

Siku ya mwisho matofali yalikuwa yamepangwa barabarani, meusi upande mmoja, na Dereva amekaa juu yake ili yasiibwe. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba hakuna jibu na sitaingiza hata tofali moja bila ridhaa yako. Alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza, "Wanaopika mikate hao, kuna hata mmoja atakayekuja kunichukulia mizani?"

Nikasema hapana, Mama.

"Na huyo mkubwa wao, akija hapa atabeba tofali au atakaa kwenye kiti?"

Nikasema mkubwa wao mwezi huu ni Bibi Harusi, na tayari ana matofali kichwani.

"Basi fungueni geti," akasema. "Nilisema uwanja ni wao wawili. Sikusema mimi nimekufa." Halafu akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage, "Mimi si mjamaa. Neno lile lilimuua mume wangu na silipendi mdomoni. Lakini wakilijengea jiko lilelile pale waliponifungia duka, nataka kuliona likitoa moshi."

Tumeingiza. Kama nimekukosea, kosa ni langu, si la Mama.

Shemeji yako.


Tarehe 20 Julai

Shemeji,

Nimepata barua zako zote mbili. Ile ya Mei ilikuwa imefika kwa wakati. Ilikaa kwenye droo.

Ruhusa nimetoa, ingawa naona haikungojwa. Siwezi kuwa mjamaa, nikilisikia neno hilo bado nasikia sauti ya mtu ananiambia shuka. Lakini kaka amefanya kazi ya kutosha kwenye ardhi ya wengine. Ajengewe tanuri lake kwenye ya kwao.

Ninaomba kitu kimoja. Kibao kiwekeni upande wa ndani, kiwatazame ninyi mnaofanya kazi. Barabarani watu wanapita na kamera. Huku ofisini wameanza tena kuniuliza, nami nimewaeleza kwamba wewe ni mjane tu, unalinda kumbukumbu ya mumeo, kwamba hujui hata maana ya neno lenyewe. Wameelewa. Wamekuonea huruma. Nimefanya hivyo ili wasikusumbue.

Mwambie Mama nitajaribu kuja mwezi wa tisa.

Mdogo wenu.


Tarehe 4 Agosti

Shemeji yangu mpendwa,

Tumefurahi kupata barua yako. Mama aliniamuru niisome, kisha akaniamuru niisome tena nikiruka maneno ya katikati. Anauliza mwezi wa tisa tarehe ngapi. Mkate wa kwanza ulitoka Jumamosi. Tanuri linavuta moshi vibaya upande wa kushoto, Robo anasema tofali moja limekaa kichwa chini, Bibi Harusi anasema ni Robo mwenyewe aliyeliweka. Wanagombana vizuri. Mama amejipa cheo cha kuonja, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba cheo hicho hakipo.

Ahsante kwa ruhusa. Naijua ilikotoka, na haikuwa rahisi. Ukija, usiogope. Hapa hakuna atakayekuuliza unajiita nani. Utapewa aproni, utapangiwa wiki yako, na ukiungua utapakwa mafuta kama wengine.

Kibao tumekiweka upande wa barabarani. Samahani, hapo sikukutii.

Na jambo la mwisho, nakuambia kwa upole kwa sababu ninakupenda. Wakikuuliza tena juu ya marehemu, jibu unavyoona inafaa, yeye ameshapumzika. Wakikuuliza juu yako, hiyo ni siri yako na wao. Lakini juu yangu, usiseme mimi ni mjane tu. Mjane ni mimi, kila asubuhi nikinyoosha upande mmoja wa kitanda ninajua. Neno lile ni jambo jingine. Sikulirithi pamoja na koti. Kaka yako hakuwahi kulitamka nyumbani, wala hakuniomba nilitamke. Nililisema mwenyewe, mbele ya mtu aliyekuwa ananisihi nisiliseme, nikijua tutatolewa. Sitaki huruma ya ofisi yenu. Waambie shemeji yako ana akili timamu, anaoka mikate, na ni mjamaa.

Nami siku yangu ikifika, watu wakaanza kunieleza kwa namna yao, nakuomba unikumbuke hivyo.

Shemeji yako, mwokaji.